Spea Kwanza, Bango Baadaye: Safari ya Mtwara, Ziwani na Kilambo

Mtu akitaka kujua kama korosho imelipa Mtwara, apite kwenye maduka ya pikipiki. Kuanzia Oktoba, minada ya vyama vikuu vya ushirika vya MAMCU na TANECU inapofunguliwa na fedha kuanza kuingia kwenye akaunti za wakulima, pikipiki hutoka dukani zikiwa bado na nailoni kwenye kiti, zikaelekea Nanyamba, Tandahimba, Nanguruwe na Kitaya. Oktoba 2024 bei katika mnada wa kwanza ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Muuzaji makini huwa ameshajaza stoo yake kabla gunia la kwanza halijapimwa.

Hii ndiyo biashara ya vyombo vya moto kusini. Gari jipya la kiwandani ni la mashirika na miradi. Gari la mtu binafsi ni la mtumba, limeagizwa Japani na kupokelewa bandari ya Dar es Salaam. Chombo kipya ambacho mkulima anaweza kukinunua kwa fedha yake mwenyewe, chenye karatasi za dukani na dhamana, ni pikipiki, bajaji, na siku hizi guta la injini la kubebea mizigo. Kwa hiyo nilipotaka kuelewa muuzaji anajipangaje anapoongeza chapa ngeni, yenye wateja wachache, pembeni ya chapa zilizozoeleka, sikuona haja ya kuzunguka kwenye kumbi za vioo za Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Nilipanda basi la kusini.

Barabara yenyewe ni sehemu ya habari hii. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 550. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa Rufiji mwaka 2003, na kabla lami haijakamilika kati ya Ndundu na Somanga, masika yalikuwa yanaitenga kusini na nchi nzima. Lori likikwama, spea zilizomo nazo zimekwama. Wazee wa Newala na Tandahimba bado wanaitaja Land Rover 109 kwa heshima, na ukiwauliza sababu hawakuelezi uzuri wa gari. Wanakwambia kila fundi wa Umakondeni aliijua, na iliyokufa ilitoa vyuma vya kuifufua iliyo hai.

Leo mwenye duka wa Mtwara anapiga simu Kariakoo jioni, anatuma fedha kwa simu, na alfajiri mzigo unapanda basi. Usiku anakwenda stendi na namba ya risiti kuuchukua. Lami ndiyo iliyowapa wauzaji wa kusini ujasiri wa kuongeza chapa. Bila lami, kila chapa mpya ingedai stoo ya spea za kumaliza masika yote, na hakuna muuzaji wa kawaida mwenye mtaji wa namna hiyo.

Duka nililolikusudia liko katikati ya mji, si mbali na soko. Mwenye duka ni mzee mzaliwa wa Mikindani, mtu wa maneno machache na kumbukumbu ndefu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia na kuniburutia kiti kivulini. Kwa miaka mingi ameuza Boxer za Bajaj na pikipiki za TVS, chapa mbili za Kihindi ambazo kila dereva wa bodaboda wa Mtwara na Lindi anazijua kwa sauti kabla hajaziona. Waya wa klachi wa Boxer unaweza kuupata hata kwenye kibanda cha vocha. Hivi karibuni ameongeza guta la Kichina. Jina la chapa nimeliacha kwa makusudi, kwa sababu makala haya si tangazo, na ninayoyaeleza yangekuwa yaleyale kwa chapa nyingine yoyote.

Nilimuuliza ni nini kilibadilika dukani siku alipoikubali chapa hiyo. Akanielekezea ukuta wa nyuma.

"Nilianzia hapo, mwanangu. Wakala wa Dar alitaka nibandike bango kwanza. Nikamwambia bango litasubiri, nipe spea."

Ukuta ule una rafu mbili ambazo hazichanganywi na za pikipiki. Kuna gia za difu, klachi pleti, rejeta, pampu za maji, brek shuu, beringi za ekseli na mipira ya breki, kila kitu kwenye mfuko wake, namba yake imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Kabla guta la kwanza halijauzwa, fedha ya kununulia pikipiki kadhaa ilikuwa imelala kwenye rafu hizo. Mpwa wake, anayesimamia mauzo, hakuafiki wakati ule. Kwa hesabu zake, fedha iliyolala ni hasara. Sasa anaieleza hoja ya mjomba wake kama yake mwenyewe: mteja anayenunua chombo asichoweza kukipatia spea, amenunua ugomvi na duka.

Guta linataka rafu yake kwa sababu za kiufundi. Pikipiki ya bodaboda ina injini inayopozwa kwa upepo, na nguvu yake hufika gurudumu la nyuma kwa cheni na sproketi. Fundi akiwa na spana namba 10, 12, 14 na 17, amemaliza kazi nyingi za kila siku. Guta la mizigo lina magurudumu mawili nyuma, na magurudumu hayo lazima yapishane mwendo kwenye kona, kwa hiyo lina difu. Nguvu inapita kwenye propela. Lina gia ya rivasi. Mengi yana injini inayopozwa kwa maji, yakiwa na rejeta na feni. Springi zake za nyuma ni za mabamba ya chuma yaliyopangwa, kama za lori. Ukilitazama mbele ni pikipiki, ukilitazama nyuma ni gari dogo. Fundi aliyekulia kwenye Boxer akilifungua kwa mazoea, atafunga difu bila kupima nafasi ya meno ya gia, na mzigo wa kwanza wa matofali utayasaga.

Nilibahatika kufika siku kreti inafunguliwa. Fundi wa duka, kijana aliyetumwa Dar es Salaam kwa wakala akafundishwe, aliondoa bolti za fremu ya chuma, akatoa kwanza karatasi. Alilinganisha namba ya injini na ya chesisi herufi kwa herufi, kwa sababu herufi moja ikikosewa, usajili wa TRA unakwama na mteja anabaki na chombo kisicho na namba. Kisha akafunga magurudumu na usukani. Baada ya hapo alifanya jambo ambalo mteja haoni. Alimwaga oili iliyokuja na injini, akaweka mpya. Akafungua kizibo cha difu, akachovya kidole kupima kina cha oili, akaongeza. Akainua ekseli kwa jeki, akazungusha gurudumu moja kwa mkono polepole huku sikio lake liko karibu na difu, akisikiliza. Mwisho akapita bolti zote za bodi kwa spana, moja baada ya nyingine, kuanzia mbele hadi nyuma.

"Kimetikisika baharini, kimetikisika kwenye lori," alisema. "Bolti isiyokazwa hapa inadondoka Kitaya."

Kazi ile ilichukua asubuhi nzima. Kwa pikipiki iliyozoeleka, fundi huyohuyo hufunga kadhaa kwa muda huo. Hapo ndipo nilipoona gharama ya chapa ya wachache. Faida ya kila guta inaonekana kubwa kwenye karatasi, lakini imebeba siku za fundi, nafasi ya sakafu inayotosha kupanga pikipiki nyingi, na rafu ya spea zinazotoka taratibu. Muuzaji asiyeziweka gharama hizo kwenye bei yake, ataziondoa baadaye kwa kupunguza huduma, na anayeumia ni mteja.

Kuuza nako kumebadilika. Dereva wa bodaboda anapoingia dukani huuliza mambo mawili: inanusa mafuta, na ikiuzwa tena inashika bei? Maswali hayo yameshajibiwa mitaani, kwa hiyo muuzaji hana kazi kubwa. Mnunuzi wa guta ni mtu mwingine kabisa. Ni fundi matofali, ni chama cha msingi kinachosogeza korosho kutoka vijijini hadi ghalani, ni muuza maji wa madumu, ni mfanyabiashara wa samaki. Watu hawa hawazunguki kwenye maduka ya pikipiki. Ilimbidi mpwa wa mzee atoke kiti cha dukani awafuate. Analipeleka guta la majaribio, anamwachia mtu alijaze mzigo wake mwenyewe, alipitishe kwenye barabara yake mwenyewe, kisha ndipo wazungumze bei. Kizuri chajiuza, wanasema wahenga, lakini kizuri kisichojulikana hakina wa kukisemea. Lazima kitembezwe hadi kwenye mchanga wa mtu.

Na chapa za zamani? Hili ndilo lililompa mzee usumbufu ambao hakuutarajia. Mawakala wakubwa hawapendi kuona chapa ngeni ndani ya chumba kimoja na yao. Wanadai rangi zao, bango lao, meza yao. Wateja nao walianza kuuliza kama duka linaachana na Boxer. Ilibidi akate duka kwa ukuta wa mbao, aweke mlango wa guta upande wa pili, na afungue daftari la peke yake, ili hesabu ya chapa moja isifiche hasara ya nyingine. Fundi mkuu wa pikipiki hakuguswa. Aliyepelekwa kusomea guta ni msaidizi wake, na nafasi ya msaidizi ikaajiriwa mtu mwingine. Mzee alilisisitiza jambo hilo: chapa mpya isile mkono wa chapa inayokulisha.

Kampuni kubwa za Afrika Mashariki zimepita njia hiyohiyo kwa kipimo chao. Nchini Kenya, Suzuki iliuzwa kwa miaka mingi na kampuni ya CMC, kisha ikaja kwa wauzaji wa Toyota. Kwenye makao makuu ya Japani, Toyota na Suzuki zilikuwa zimekubaliana kushirikiana na kuchukuliana hisa mwaka 2019, na mwaka 2020 soko la Afrika likaletewa Toyota Starlet, ambayo kwa muundo ni Suzuki Baleno inayotengenezwa India. Chapa ndogo ikapata stoo, mafundi na matawi yaliyokwisha kujengwa na chapa kubwa. Hiyo ndiyo namna nyepesi zaidi ya kuongeza chapa: ziwe na vyuma vinavyofanana, na fundi mmoja aweze kuzihudumia zote mbili.

Lakini ukubwa peke yake si kinga. CMC yenyewe, iliyonunuliwa na kundi la Al-Futtaim la Dubai mwaka 2014, ilitangaza mapema mwaka 2025 kwamba inafunga shughuli zake Kenya, Uganda na Tanzania. Magari iliyoyauza hayakuondoka nayo. Yamebaki barabarani, na kila mwenye gari lake ana swali la nani atamhudumia. Ikiwa kampuni ya kimataifa inaweza kufunga milango, mkulima wa Mtwara ana haki ya kumuuliza muuzaji wake maswali magumu kabla ya kutoa fedha ya korosho.

Nilitaka kuyasikia maswali hayo yanakoulizwa, kwa hiyo nikatoka mjini kuelekea kusini, upande wa Ziwani. Ukishaviacha nyuma viwanja vya Mtwara, mikorosho inashika pande zote mbili, minazi inaongezeka kadiri unavyosogea pwani, na kwenye mabonde ya maji ya chumvi yanaonekana mashamba ya chumvi yenye kingo za udongo. Barabara za huku zina mchanga unaozama. Pikipiki inaupita kwa kuserereka. Guta lenye mzigo linaupita kwa gia ya kwanza, injini ikilia, na dereva asiyejua kulisaidia kwa kupunguza mzigo ataunguza klachi siku hiyohiyo.

Fundi wa kijijini niliyeelekezwa anafanya kazi chini ya mkorosho, turubai limetandikwa mchangani ili bolti zisipotee. Vyuma vilivyomzunguka vinasimulia historia ya soko lenyewe. Tangu kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za abiria zilipotoka mwaka 2010, na bodaboda zikawa kazi halali, chapa nyingi za bei nafuu zimefika vijijini na kutoweka. Aliniinulia fremu moja baada ya nyingine, hazina injini, hazina matairi.

"Hawa walikuja na gari la muziki, kaka," alisema. "Wakauza, wakaondoka. Mwaka wa pili tukakosa hata waya wa klachi."

Kisha akasema neno ambalo kila muuzaji wa chapa mpya angepaswa kulisikia. "Mimi nikisema chombo hiki kibovu, hapa hakuna atakayekinunua. Hawamuulizi mwenye duka. Wananiuliza mimi."

Mzee wa mjini amelijua hilo. Kwa mafundi wa vijijini anaowaamini, ameweka spea za guta kwa mali kauli: brek shuu, beringi, klachi pleti, plagi na mipira. Fundi anauza, anaandika kwenye daftari la kurasa za mistari, na mwisho wa mwezi wanafanya hesabu. Aliwaita pia mjini, akawafungulia difu mezani, wakaifunga wenyewe hadi wakaielewa. Waliondoka na kifaa cha kuvutia beringi ya ekseli, ili mtu asije akaipiga kwa nyundo na patasi. Kwa mafundi hao ndipo tawi la duka lilipo. Halina bango, halina kioo, lakini mteja wa Ziwani akiharibikiwa asubuhi anaweza kurudi kazini jioni.

Kwenye turubai siku ile kulikuwa na guta la kikundi cha akina mama wanaosafirisha samaki kutoka Msimbati kwenda mjini. Eneo hilo la pwani, kuanzia Ghuba ya Mnazi hadi mlango wa Ruvuma, ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, na uvuvi ndio maisha ya vijiji vyake. Fundi alivua ngoma ya breki akanionyesha. Barafu ya samaki inayeyuka, maji yake ya chumvi yanapita kwenye mbao za bodi, yanadondokea kwenye ekseli usiku na mchana. Brek shuu zilikuwa zimeota kutu ya rangi ya chungwa, na springi ndogo inayozirudisha ilivunjika alipoigusa kwa koleo.

Mwenyekiti wa kikundi, mama wa makamo mwenye kanga iliyofungwa kwa kazi, alisikiliza bila wasiwasi. Nilimwuliza kama wanajuta kununua chombo hicho.

"Hatujuti, mwanangu. Zamani tulilipa mtu atubebee, akichelewa samaki wanaoza. Sasa tunaondoka tukitaka. Ila lazima lioshwe kwa maji baridi kila jioni, na grisi isikosekane. Tumeandikiwa."

Alinionyesha karatasi iliyopigwa plastiki, imening'inizwa karibu na usukani. Kitabu cha kiwandani kilikuja kwa Kichina na Kiingereza. Duka likaandika ukurasa mmoja wa Kiswahili: oili ibadilishwe lini, difu ikaguliwe lini, mzigo usizidi kiasi gani, na kwa wabeba samaki mstari wa peke yake kuhusu chumvi. Sijaona mahali pengine kazi ya muuzaji ikifupishwa vizuri namna ile. Kiwanda hakijui habari za barafu ya Msimbati. Anayejua ni muuzaji anayekwenda kumtazama mteja wake kazini.

Kikundi hicho kilinunua kwa mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa marekebisho na ikarejea mwaka uliofuata. Haina riba, lakini ina tarehe. Marejesho hayasubiri difu itoke Kariakoo. Guta likilala wiki tatu kwa kukosa gia moja, kikundi kinaanza kuchangishana mfukoni, wanachama wanaanza kulaumiana, na mradi uliokusudiwa kuwainua unakuwa chanzo cha uhasama. Ndiyo sababu nasema suala la spea huku ni suala la maisha ya watu, na halipaswi kuachwa kwenye maandishi madogo ya karatasi ya dhamana.

Nikaendelea hadi Madimba. Hapo kuna mtambo wa kuchakata gesi ya Mnazi Bay, gesi iliyogunduliwa mwaka 1982, na bomba linaipeleka hadi Dar es Salaam tangu mwaka 2015. Dar es Salaam kuna teksi na bajaji zinazotembelea gesi, na mafundi wanaobadili mifumo ya magari ya petroli. Vijana wa Mtwara wanaziulizia bajaji za gesi, na ni haki yao kuulizia. Mpwa wa mzee aliniambia bado hajakubali kuziingiza. Vituo vya kujazia magari vilianzia Dar es Salaam, kwa hiyo jiji hilo ndilo lililojenga mazoea, mafundi na wateja wa gesi. Muuzaji wa kusini akiuza bajaji ya gesi kabla dereva hajawa na uhakika wa mahali pa kujaza karibu naye kila siku, atakuwa amerudia kosa la wale wa gari la muziki. Niliuheshimu uamuzi wake. Kukataa chapa kwa wakati wake nako ni sehemu ya biashara hii.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Kilambo, kwenye mto Ruvuma. Ng'ambo ni Namoto, Msumbiji, na watu wa kingo zote mbili ni ndugu: Wamakonde wanaooana, wanaozikana, wanaouziana. Kivuko cha MV Kilambo kinafuata maji. Bahari ikijaa kinaelea, ikipwa watu wanageukia mitumbwi na boti, na pikipiki hulazwa juu ya mbao, watu wawili wakiishikilia. Kwa miaka mingi wateja kutoka Palma na vijiji vya Cabo Delgado walikuja kununua Mtwara. Machafuko yaliyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 yaliipunguza biashara hiyo. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu, kilishambuliwa. Machi 2021 Palma ikavamiwa, na mwezi uliofuata TotalEnergies ikasimamisha mradi wake mkubwa wa gesi kule.

Wafanyabiashara wa Mtwara waliokuwa wamejaza stoo kwa ajili ya neema ya gesi, ya upande huu na ya upande ule, walijifunza kwa machungu. Wapo waliokuwa wameagiza magari ya gharama wakisubiri wageni wa kampuni. Walioendelea kusimama ni wale ambao chapa yao mpya ilikuwa na kazi kwa watu wa hapahapa: korosho, samaki, matofali, maji, nazi. Kwenye foleni ya kivuko niliona guta moja lenye magunia ya chumvi na pikipiki kadhaa, zote za chapa ambazo fundi wa ng'ambo naye anazijua. Msafiri wa mpakani hanunui chombo kitakachokosa fundi akishavuka mto.

Nimerudi kutoka kusini nikiwa na uhakika wa jambo moja. Duka halipanuki kwa idadi ya mabango mlangoni. Linapanuka kwa idadi ya vijiji ambavyo chombo lilichokiuza kinaweza kutengenezwa. Muuzaji anayeongeza chapa ya wateja wachache anatakiwa kulipa gharama nne kabla ya kuvuna: rafu ya spea, fundi aliyefundishwa, maelekezo kwa lugha ya mteja, na mafundi wa vijijini waliopewa mali na maarifa. Akilipa hizo, chapa ngeni itazoeleka. Akizikwepa, hata chapa nzuri itakufa mikononi mwa watu wasio na hatia.

Kwa halmashauri zetu zinazopitisha profoma za vikundi, nina ombi. Bei ya chini isiwe kigezo pekee. Muuzaji aonyeshe spea alizonazo ndani ya mkoa, na amtaje fundi atakayehudumia chombo hicho katika tarafa ya kikundi husika. Asiyeweza kuonyesha, profoma yake isipitishwe. Kwa mawakala wa Dar es Salaam: msimhukumu muuzaji wa mkoani kwa ukubwa wa bango lake; mpeni muda wa kulipia spea, mfundishieni watu wake. Na kwako mkulima ambaye fedha ya korosho imeingia na chapa mpya inakutazama dukani, kabla hujatoa hata shilingi, omba uonyeshwe difu, klachi pleti na brek shuu zake zilizopo rafuni siku hiyo. Kisha rudi kijijini umuulize fundi wako. Kama hajui kukifungua chombo hicho, usinunue.